Behewa la Mwisho ni la Nani?

 Makala haya yanazitazama treni za mizigo zilizokuwa zikivuka kutoka nchi moja hadi nyingine, au kutoka shirika moja hadi jingine, bila ya kufunguliwa njiani. Yanalitazama hasa lile behewa dogo lililokuwa likifunga mkia wa treni hizo, ambalo Afrika Mashariki lilijulikana kama behewa la gadi na ambalo Wamarekani huliita kabusi. Yamekusudiwa kwa kila mpenda reli, na zaidi kwa wale wanaounda treni ndogo za mezani na kutaka kila kitu kiwe mahali pake.

Safari inaanzia mahali pasipo na reli. Ansab ni mtaa wa wilaya ya Bausher, katika mji wa Maskati, nchini Oman. Wapenzi wa ndege wanaujua kwa maziwa yake yanayotokana na maji taka yaliyosafishwa, ambako ndege wahamao hutua kupumzika. Treni haijawahi kupiga honi hapo. Hata hivyo, Maskati ina nyumba nyingi ambamo Kiswahili husemwa barazani na jikoni, nyumba za watu waliotoka Unguja, Pemba, Mombasa, na miji ya bara kama vile Tabora na Kigoma. Wengi waliondoka baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na wengine waliitika wito wa Sultani Qaboos, ambaye baada ya kushika madaraka mwaka 1970 aliwataka Waomani waliokuwa ng'ambo warejee kuijenga nchi. Waliotoka bara waliwahi kusafiri kwa treni, na sauti ya magurudumu usiku ni sehemu ya utoto wao.

Basi, msikilizaji, fikiria sebule moja huko Ansab. Juu ya meza ndefu pamepangwa reli ndogo, na mzee aliyezaliwa Tabora anaunganisha mabehewa mmoja mmoja kwa kibano. Mjukuu wake amesimama pembeni. Mtoto anaashiria mkia wa treni na kuuliza: "Babu, behewa hili la mwisho ni la nani?" Mzee anaweka kibano chini. Swali ni la kitoto, lakini jibu lake limebeba historia ya nchi tatu, na mzee akilijibu ovyo atakuwa amemrithisha mjukuu wake kumbukumbu isiyo sahihi.

Kwanza ni vyema kueleza behewa lenyewe lilikuwa na kazi gani. Katika treni ya mizigo ya zamani, dereva na mwenzake wa kuchochea moto walikuwa mbele, na gadi alikuwa nyuma kabisa, pengine umbali wa nusu kilomita kutoka kwa wenzake. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye dhamana ya treni. Karatasi za mizigo alikuwa nazo yeye. Akitazama mbele, aliweza kuona moshi ukitoka kwenye ekseli iliyopata moto, au mzigo uliolala upande. Alikuwa na breki yake mwenyewe, ili treni ikikatika mlimani aweze kukizuia kipande cha nyuma kisirudi chini. Na ikisimama pasipotarajiwa, alishuka akarudi nyuma na bendera au taa kuizuia treni nyingine isije ikagonga.

Zaidi ya hayo, behewa la gadi lilibeba taa nyekundu ya mkia. Taa hiyo ilikuwa ni ushahidi. Katika reli yenye njia moja, stesheni masta hakuruhusiwa kuamini kwamba njia i wazi mpaka aione taa ya mkia, au kibao chake wakati wa mchana, ikipita mbele yake. Treni iliyofika bila ya alama hiyo ilikuwa ni treni isiyokamilika, maana huenda baadhi ya mabehewa yalibaki njiani gizani. Kwa hiyo behewa la mwisho, ambalo halikubeba pamba wala kahawa, ndilo lililothibitisha kuwa kahawa na pamba zote zimefika.

Sasa ndipo linapokuja suala la ushirika. Nchini Marekani, kwa miongo mingi kila kampuni ya reli ilikuwa na kabusi zake, na mara nyingi kila gadi mkuu alipewa ya kwake. Humo alipika, alilala na kutundika picha za familia yake. Treni ilipofika mwisho wa eneo la gadi huyo, kabusi yake ilikatwa na nyingine ikaunganishwa. Ilipofika kwenye mpaka wa kampuni moja na nyingine, injini nazo zilibadilishwa. Saa nyingi zilipotea katika kukata na kuunganisha, huku malori yakipita kasi katika barabara kuu mpya.

Ndiyo sababu, hasa kuanzia miaka ya 1960, makampuni ya Marekani yalikubaliana kuendesha treni zisizofunguliwa. Treni ilivuka mpaka wa kampuni ikiwa na injini zile zile na kabusi ile ile, na watu tu ndio walioshuka na wengine kupanda. Jambo hilo lilihitaji hesabu na lilihitaji subira. Ikiwa kampuni ya kwanza ilikuwa na maili nyingi zaidi katika safari, basi nayo ilitakiwa kuchangia vifaa vingi zaidi, ili pasiwe na mmoja anayekula jasho la mwenzake. Magadi nao hawakufurahi kuambiwa kwamba kabusi iliyokuwa kama nyumba yao sasa italaliwa na mtu wa kampuni nyingine. Majadiliano na vyama vya wafanyakazi yalikuwa ni sehemu ya kazi, sawa na kutia mafuta magurudumu.

Kwa muundaji wa treni ndogo, hapo pana fundisho la kwanza. Akiona katika picha ya miaka ile kabusi ya kampuni moja ikifuata mkia wa treni iliyoko katika reli ya kampuni nyingine, asidhani kuwa mpiga picha amekosea. Ni mkataba unaoonekana kwa macho.

Afrika Mashariki ilifika kwenye jambo hilo kwa njia tofauti. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Wajerumani nao walijenga ya kwao kutoka Tanga kuelekea Moshi, na nyingine kutoka Dar es Salaam iliyofika Kigoma mwaka 1914. Waingereza na Wajerumani walikuwa mahasimu, lakini wote walichagua reli ya upana wa meta moja. Kwa bahati hiyo, vita vya kwanza vya dunia vilipozuka na Waingereza wakajenga njia kutoka Voi kuelekea Kahe kwa ajili ya majeshi yao, reli za pande mbili ziliweza kushikana mikono bila ya kubadilisha hata gurudumu moja.

Tarehe 1 Mei mwaka 1948, reli za Kenya na Uganda ziliunganishwa na zile za Tanganyika, na kuzaliwa shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki, lenye makao makuu Nairobi. Treni iliyotoka Mombasa kwenda Kampala ilivuka mpaka wa nchi lakini haikuvuka mpaka wa shirika. Herufi zilizokuwa ubavuni mwa injini na behewa la gadi zilikuwa ni zile zile. Makampuni ya Marekani yalihitaji mikataba ili kuendesha treni zisizofunguliwa. Afrika Mashariki ilipata faida hiyo kwa kuwa na mwenye mali mmoja.

Hata hivyo, muundaji wa Ansab asiharakishe. Shirika lilikuwa moja, lakini reli zake zilikuwa bado ni vipande viwili. Reli ya Kati, ile iliyopita Tabora, haikuwa imeungana kwa njia ya chuma na reli ya Tanga na Moshi. Kiungo kati ya Ruvu na Mnyusi kilifunguliwa mwaka 1963. Kabla ya mwaka huo, behewa lililotoka Nairobi halikuweza kubingiria hadi Tabora. Kwa hiyo mzee akitaka kuonesha stesheni ya Tabora ya miaka ya 1950 ikipokea treni iliyotoka moja kwa moja Mombasa, atakuwa ameunda ndoto. Akitaka ya mwaka 1965, njia ipo.

Katikati ya miaka ya 1960 kiungo kingine kilipatikana, nacho kilielea juu ya maji. Meli mbili zilizojengwa kubeba mabehewa zilianza kazi katika Ziwa Victoria. Zilikuwa na reli juu ya sitaha, na mabehewa ya mizigo yaliingizwa Kisumu yakatolewa Mwanza. Moja iliitwa Umoja, na ya pili iliitwa Uhuru.

Liko jambo jingine linalowachanganya wapenda reli wa nje. Afrika Mashariki nayo ilikuwa na behewa lililoitwa kabusi, lakini hilo halikuwa behewa la gadi. Katika safari ndefu za mizigo, injini moja iliendeshwa na makundi mawili ya wafanyakazi. Kundi moja liliendesha, na la pili lilipumzika katika behewa maalumu, likapika na kulala, kisha zamu ikabadilishana. Behewa hilo la mapumziko mara nyingi liliunganishwa karibu na injini, mbele ya mizigo. Gadi aliendelea kuwa nyuma na taa yake. Basi treni moja iliweza kuwa na nyumba mbili, moja kichwani na moja mkiani.

Utaratibu huo ulikwenda pamoja na injini mashuhuri za aina ya Garratt, daraja la 59. Zilikuwa 34, zikajengwa na kiwanda cha Beyer Peacock mjini Manchester katikati ya miaka ya 1950. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 hivi na urefu wa karibu meta 32, na hazikuwa na mfano wake katika reli zote za upana wa meta moja duniani. Kati ya Mombasa na Nairobi, ziliweza kuvuta mzigo wa tani 1,200 kupanda kutoka usawa wa bahari. Zote zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mlima Kenya ulikuwamo, na Kilimanjaro, na Meru, na Elgon, na Ruwenzori. Hakuna aliyeuliza mlima huo uko nchi gani. Injini yenye jina la mlima wa Tanganyika ilivuta mizigo ya Uganda katika ardhi ya Kenya, na behewa la gadi likafuata nyuma.

Mwaka 1969 bandari zilitenganishwa na reli, na shirika likaitwa Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Kwa fundi wa mezani, maana yake ni kwamba herufi zilizoandikwa ubavuni mwa mabehewa zilipungua. Behewa la mwaka 1960 halifai kuwa na herufi za mwaka 1972, wala la mwaka 1972 kuwa na rangi mpya kabisa chini ya herufi za zamani.

Kisha ukaja mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, na haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Kila nchi ilianzisha shirika lake la reli, na kila behewa lililokuwa popote lilikumbwa na lile swali la mjukuu wa Ansab: hili ni la nani? Vifaa vilibaki pale vilipokutwa, na kila upande ukalalamika kwamba mwenzake amebaki na kingi. Mpatanishi kutoka Uswisi, Dk. Victor Umbricht, alikabidhiwa kazi ya kuhesabu mali yote na madeni yote ya iliyokuwa jumuiya. Mkataba wa mgawanyo ulitiwa saini mjini Arusha mwezi Mei mwaka 1984. Kenya ilipewa asilimia 42, Tanzania asilimia 32 na Uganda asilimia 26.

Zile meli mbili nazo zikagawanywa. Umoja ilikwenda Tanzania, na Uhuru ilibaki Kenya. Mtunzi wa hadithi angeogopa kuandika hivyo, asije akaambiwa anatia chumvi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Treni zilizovuka hazikufa zote. Kati ya Kenya na Uganda mizigo iliendelea kupita Malaba, na sasa behewa la Kenya lililoingia Uganda lilikuwa ni mgeni anayetakiwa kurudi kwao. Kuanzia Novemba 2006, kampuni ya Rift Valley Railways ilikabidhiwa uendeshaji wa reli za nchi zote mbili, na kwa muda kukawa tena na mwendeshaji mmoja pande mbili za mpaka, hadi mkataba huo ulipovunjwa mwaka 2017. Kusini mwa Tanzania, reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa tangu mwanzo kuwa mali ya nchi mbili, na upana wake unalingana na reli za Zambia. Lakini haulingani na ule wa Reli ya Kati. Kwa ajili hiyo, huko Kidatu mzigo hauna budi kuhamishwa kutoka behewa moja hadi jingine. Pale ambapo vyuma havipatani, hata udugu hauwezi kuvuka.

Kwa anayeunda treni ndogo, haya yote yanageuka kuwa kanuni chache za kazi. Achague mwaka kwanza, kabla ya kununua au kuchonga chochote. Halafu achague kipande cha njia, kwa kuwa Voi ya mwaka 1958 na Tabora ya mwaka huo huo ni dunia mbili. Ndipo achague behewa la mkia, na herufi zake zifuate mwaka ule. Kwa kipimo cha moja kwa 87, reli ya meta moja huwakilishwa na njia ya milimita 12, na Garratt ya daraja la 59 huwa na urefu wa sentimita 36 hivi. Kona za meza ziandaliwe kwa kulifikiria hilo.

Kama treni yake inawakilisha safari ya baada ya mwaka 1977, kila behewa la gadi na lipewe kadi ndogo inayotaja shirika lake na stesheni ya nyumbani. Likivuka mpaka wa mezani, kadi iende nalo, na lirejeshwe kwa treni inayofuata. Mchezo utakuwa na uzito zaidi, kwani wachezaji wataona jinsi mabehewa yanavyorundikana upande mmoja na kupungua upande wa pili. Ndilo tatizo lile lile lililowaumiza vichwa mameneja halisi. Na asisahau taa nyekundu. Treni ya mezani isiyo na taa ya mkia, kwa sheria za reli, haijafika.

Behewa la gadi lenyewe limetoweka katika nchi nyingi. Nchini Marekani, makubaliano ya mwaka 1982 kati ya makampuni na chama cha wafanyakazi yalifungua mlango wa kuziondoa kabusi hatua kwa hatua. Nafasi yake ilichukuliwa na kifaa kidogo kinachofungwa kwenye behewa la mwisho, chenye taa inayomweka na redio inayomwarifu dereva kiasi cha hewa kilichomo katika bomba la breki. Kifaa hicho hakilali wala hakihitaji chai. Lakini hakinusi moshi, na hakiwezi kushuka na bendera.

Na sasa reli inaikaribia Oman yenyewe. Mwaka 2022, Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu zilikubaliana kuunda kampuni ya pamoja ya kujenga reli kati ya bandari ya Sohar na Abu Dhabi. Mwaka 2024 kampuni hiyo ilipewa jina la Hafeet Rail, kwa jina la mlima ulioko mpakani. Upana wa reli yake ni milimita 1,435, sawa na ule wa reli za Falme, na hivyo treni ya mizigo imekusudiwa kuvuka mpaka bila ya kupakua. Nchi mbili, kampuni moja, jina la mlima. Mzee wa Ansab anayesikia habari hizo ana haki ya kutabasamu, kwa kuwa ameshayaona.

Ana haki pia ya kutoa nasaha. Kilichoziumiza treni za Afrika Mashariki hakikuwa chuma. Reli zililingana, injini zilikuwa na nguvu, na magadi waliijua kazi yao. Treni zilikwama pale wenye mali walipoacha kuaminiana juu ya hesabu. Wamarekani walioandika mapema nani atachangia vifaa vingapi, na kwa maili ngapi, waliepuka ugomvi mwingi ambao wenye shirika moja walikuja kuukuta siku ya kuachana.

Basi, mjukuu bado amesimama kando ya meza, anangoja. Mzee analichukua lile behewa la mwisho, analigeuza ili herufi zake zionekane, na kumwambia: "Hili, mwanangu, ni la mwaka 1965. Lilikuwa letu sote." Kisha analirudisha mahali pake, anaiwasha taa nyekundu, na kuiacha treni iende.